Ngazi Iliyopandishwa

Mwili wa Joost Terpstra ulionekana saa kumi na moja jioni, kisiwa cha Kigiriki cha Aspropetra kilipokuwa kinaamka kutoka usingizi wa mchana. Ulikuwa ukielea kifudifudi kati ya gati na tezi, upande wa nyuma wa mashua yake ya matanga, na kila wimbi lililoingia bandarini liliugongesha kwenye mawe, taratibu, kama mgeni anayebisha hodi kwenye nyumba isiyo na watu.

Mkewe, Margriet, ndiye aliyemwona kwanza. Alikuwa ndiyo kwanza anashuka kwenye basi akitoka ufukwe wa upande wa pili, kofia mkononi, chumvi imemkaukia mabegani. Hakupiga kelele. Alisimama ukingoni akamwita mumewe kwa jina, kwa sauti ya kawaida, kama anayemwambia chai iko tayari. Alimwita tena. Ndipo watu wakaanza kufungua madirisha.

Inspekta Pelagia Rodaki wa polisi wa bandari hakupaswa hata kuwepo kisiwani. Alikuja kwa asubuhi moja tu, kukagua leseni za wavuvi. Mara meltemi, upepo wa kaskazini, ukaanza kuvuma, vivuko vikapigwa marufuku kuondoka, naye akakwama na begi lenye blauzi moja. Sasa alikuwa amepiga magoti juu ya mawe yenye maji, simu sikioni.

"Helikopta haiwezi kuruka," alisema mkubwa wake kutoka makao makuu. "Boti itakuja upepo ukitulia."

"Na mtaalamu wa uchunguzi wa maiti?"

"Atakuja na boti."

"Na mpaka hapo?"

"Mpaka hapo ni wewe, Pelagia. Na yule sajenti wa huko."

Yule sajenti wa huko alikuwa Manthos, mzaliwa wa kisiwa, mzito wa mwili na mwepesi wa kucheka. Jioni ile hakucheka. Alishika miguu ya marehemu walipombeba kwenda chumba cha barafu cha wavuvi, mahali pekee penye baridi ya kutosha, akamlaza polepole juu ya meza ya bati kama anayelaza mtoto.

"Ameteleza, afande," alisema. "Ule ubao wa kupandia mashua unarushwa na upepo. Hata mimi siupandi."

Mwoka mikate alisema hivyohivyo. Padri naye. Bibi mmoja aliyekuwa anafunga dirisha lake lililotazama gati alisema, "Ameteleza, mwanangu. Mungu amrehemu." Neno lilikuwa lilelile kila mlango, kana kwamba wamegawiana.

Daktari wa zahanati, Fotini, msichana aliyekuwa anatimiza mwaka wake wa kazi visiwani, hakuwa na neno hilo.

"Mfupa wa muundi umevunjika," alisema. "Huo ni wa kuanguka. Lakini kuanguka hakukumuua."

"Kilichomuua nini?"

"Maji. Tazama povu hili puani. Halafu tazama hapa."

Aliinua mkono wa marehemu. Kucha zilikuwa zimevunjika hadi kwenye nyama, na chini yake mlijaa kitu chekundu ambacho hakikuwa damu.

"Rangi," alisema Pelagia. "Ya chini ya mashua."

"Alikuwa anakwaruza."

"Kwa muda mrefu?"

"Mimi si mtaalamu wa maiti, Inspekta. Ila kucha za mtu hazivunjiki hivi kwa mara moja."

Pelagia alirudi gatini. Kulikuwa na mashua moja tu. Nyingine zote zilikuwa zimekimbilia ghuba ya kusini kujificha upepo, na wavuvi nao wamezifuata na boti zao. Joost alikuwa amekataa. Alipenda kufunga pale pale kila mwaka, mwisho wa gati, penye maji marefu, mita chache kutoka meza za mkahawa wa mzee Iakovos.

Alipanda mashuani. Nyuma, kwenye tezi, kulikuwa na ngazi ya chuma ya kupandia kutoka majini. Ilikuwa imekunjwa juu na kufungwa kwa kamba.

Margriet alikuwa ameketi sitahani, blanketi la mtu begani, ijapokuwa joto lilikuwa bado kali. Kigiriki chake kilikuwa cha darasani, cha polepole, lakini safi.

"Bi Margriet, ngazi hii huwa mnaipandisha mkiwa bandarini?"

"Hapana. Kamwe."

"Labda leo, kwa sababu ya upepo?"

"Rafiki yake alikufa maji Ureno. Usiku mmoja, bandarini, karibu na mashua yake mwenyewe, hakupata pa kupandia. Tangu hapo Joost huiacha chini. Nikiipandisha mimi, tunagombana." Aliitazama ngazi, kisha akamtazama Pelagia. "Nani ameipandisha?"

Pelagia alimwita Manthos, akamwonyesha kamba. Ilikuwa imezungushwa mara mbili na kurudishwa chini yake yenyewe, fundo dogo, zuri, lisiloweza kufunguka kwa mtikiso.

"Unalijua fundo hili."

"Mafundo ni mengi, afande."

"Manthos."

"La wavuvi wa hapa," alisema sajenti, na macho yake yakaenda baharini. "Kila mvuvi wa hapa hulifunga."

"Wavuvi wote wako ghuba ya kusini. Nani amebaki?"

Sajenti alivua kofia, akaifuta ndani kwa kiganja, akaivaa tena.

"Mzee Iakovos alikuwa mvuvi," alisema, "kabla hajafungua mkahawa."

Iakovos Sakellis alikuwa anasugua sufuria jikoni. Mwanaume mrefu, wa miaka sitini na kitu, shati jeusi limefungwa vifungo hadi shingoni. Alimvutia Pelagia kiti, akampangusia meza, akamwekea maji bila kuulizwa.

"Ulikuwa wapi mchana, mzee wangu?"

"Hapa."

"Ulikuwa umelala?"

"Kila mtu hulala."

"Nimeuliza wewe."

"Nilikula. Nikalala."

"Ulikula wapi?"

"Ndani. Nje hakuliki na upepo huu."

"Mwoka mikate anasema alikuona nje, ubavuni mwa ukuta, pasipofika upepo."

"Basi nje."

"Ukitazama mashua."

"Kila ukikaa hapa unatazama mashua. Ndiyo watu wanayokuja kuitazama."

"Ulimwona akianguka?"

Mlango wa jikoni uligongwa na upepo, ukafunguka, ukajifunga.

"Alikuita?"

"Upepo ulikuwa mkali."

"Sikuulizi upepo."

Pelagia aliweka mezani picha aliyopiga kwa simu yake: kamba, chuma, fundo. Iakovos aliinama akaitazama kwa muda, kama mtu anayetazama picha ya jamaa yake.

"Fundo langu hilo," alisema. "Nilifundishwa na baba. Sikuwaza. Mikono ilifunga yenyewe."

Manthos, aliyesimama mlangoni, aligeuka akatazama nje.

"Kwa nini, mzee wangu? Mkewe anasema mlikuwa marafiki. Anasema juzi walipofika uliwaletea tikitimaji."

"Niliwaletea."

"Kwa nini basi?"

"Wewe si wa hapa," alisema Iakovos. "Muulize Manthos kwa nini."

Pelagia hakumuuliza Manthos. Alingoja. Mzee alikaa chini, mikono yenye povu la sabuni juu ya mapaja, akaanza kuzungumza na meza.

"Mwaka jana, wiki moja kabla ya sikukuu ya Bikira Maria, mke wangu alianguka hapo unapokanyaga. Marousa. Upepo ulikuwa kama huu. Daktari aliyekuwepo akasema ni moyo, hapa hatuwezi, lazima hospitali. Helikopta ikagoma. Lakini kuna nahodha mmoja wa boti ya wagonjwa, mwanaume kweli, alikuja. Tulimwona akizunguka pale nje, mawimbi yanamfunika. Boti yake inahitaji maji marefu. Kisiwa hiki maji marefu yako mahali pamoja tu."

"Mwisho wa gati."

"Na hapo alikuwa yeye na mashua yake. Nikamkimbilia. Alikuwa sitahani na marafiki zake, wanaume peke yao, wanakula samaki niliowakaanga kwa mikono hii. Nikamwambia, ondoa mashua, boti ya wagonjwa inakuja, mke wangu anakufa. Akacheka. Akaniambia kwa lugha yetu, 'Baadaye. Tunakula.' Akanivutia kiti."

Pelagia alitazama kiti alichokalia.

"Akakuvutia kiti?"

"Akanijazia glasi. Nikarudi kumbeba Marousa mpaka gatini, nikiwaza wakimwona wataelewa. Manthos akaenda kupiga kelele. Padri akaenda. Mwishowe wakawasha injini, na mnyororo wa nanga yao ukakwama chini. Yule nahodha alijaribu mara ya mwisho kuingia, akagonga mwamba, akarudi. Marousa alikuwa kwenye machela, amenishika kidole hiki. Akakiachia."

"Joost alijua?"

"Tulimfunika Marousa. Tukamwingiza ndani. Alfajiri wao wakatweka tanga, wakaondoka. Wakatupungia mikono."

"Hakuna aliyemwambia?"

Iakovos alimtazama sajenti. Sajenti ndiye aliyejibu, sauti yake kavu.

"Tumwambie nini, afande? Kwamba hatujui kusema na mgeni mpaka akatuelewa? Tuliona aibu. Kila mtu alidhani mwingine ataandika, atapiga simu. Majira ya baridi yakapita."

"Na mwaka huu akaja," alisema Iakovos. "Akafunga palepale. Akaruka gatini, akanikumbatia, akaniuliza, 'Marousa, mzima?'"

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia mzima."

Mlango uligonga tena. Pelagia aliinuka, akautia kabari kwa kiti, akarudi kukaa. Alitaka mapumziko hayo zaidi kuliko alivyotaka mlango ufungwe.

"Niambie ya leo."

"Nilikuwa nakula. Akatoka kutazama kamba zake, ubao ukaruka, akaanguka, nikasikia mguu. Ule mlio unasikika hata kwenye upepo. Nikaenda. Naapa kwa Bikira, binti yangu, nilinyanyuka niende nikamtoe. Nilipanda mashuani. Nikafika kwenye ngazi, yeye yuko chini, ameshika kipago cha mwisho cha ngazi. Akaniona. Akatabasamu. Akasema, 'Asante, Iakovos.' Hata sijamgusa, ananishukuru."

"Halafu?"

"Halafu nikampokonya ngazi. Nikaikunja, nikaifunga. Nikamwambia, 'Baadaye. Ninakula.'"

"Ukarudi mezani."

"Nikarudi mezani."

"Ukala?"

"Nikala chote. Alikuwa ananiita. Kisha alikuwa anamwita mkewe. Kisha hakuita mtu, alikuwa anakwaruza tu." Alinyanyua uso kwa mara ya kwanza. "Ningeweza kunyanyuka wakati wowote, unaelewa? Kila tonge nilisema, hili likiisha nanyanyuka."

Pelagia aliandika maelezo ya mzee, akamsomea, naye mzee akatia sahihi. Sajenti alimfunga pingu bila kumtazama, kisha akampeleka kwenye chumba cha nyuma cha kituo, ambacho kufuli lake lilikuwa limeharibika tangu majira ya kuchipua.

Walipobaki wawili njiani, Pelagia alisimama.

"Nyumba yako iko juu ya gati, Manthos."

"Ndiyo, afande."

"Mchana ulikuwa nyumbani."

"Ndiyo."

"Ulisikia?"

Upepo ulivuta vumbi kati yao. Madirisha yote ya upande ule, la sajenti, la bibi, la padri, yalitazama maji yale yale.

"Upepo ulikuwa mkali, afande," alisema Manthos.

Pelagia alijua hilo ndilo jibu atakalopewa kila mlango. Hakuna mahakama ambayo ingeweza kuushtaki upepo. Hata yeye alikuwa amelala hotelini, mbao za dirisha zimefungwa, na katikati ya usingizi alisikia kitu, akadhani ni shakwe, akageukia ubavu wa pili.

Siku ya pili yake bahari ililala. Boti ya polisi ilitokea asubuhi ikiwa na mtaalamu wa maiti na jeneza, ikafika mdomo wa bandari, ikasimama. Nahodha wake alipiga simu.

"Kuna mashua mwisho wa gati. Siwezi kufunga mpaka itolewe."

Pelagia alimtazama Margriet. Mama yule hakuweza kushika hata kikombe, sembuse usukani. Manthos hakuwahi kuendesha mashua ya matanga. Mtaalamu wa matanga pekee alikuwa kwenye jeneza, au tuseme, alikuwa anangojea jeneza.

"Nifungue," alisema Iakovos, aliyekuwa ameletwa gatini tayari kwa safari. "Nitaitoa mimi."

Pelagia alimfungua. Sheria haikuwa na neno juu ya jambo hilo, na kama lilikuwepo hakutaka kulikumbuka. Mzee alipanda, akawasha injini, akalegeza kamba za nyuma, akaivuta nanga polepole. Mnyororo ulipoanza kukaza aliurudisha kidogo, akaizungusha mashua, akavuta tena kutoka upande mwingine, nao ukaachia. Akaisogeza mpaka kwenye mawe ya wavuvi, akaifunga. Kazi yote haikufika muda wa kuvuta sigara moja. Alipogundua hivyo alibaki ameshika usukani, mgongo wake ukitikisika, na watu wote waliokuwa gatini wakatazama miguu yao.

Alipoteremka, Margriet alikuwa amesimama mbele yake. Pelagia alikuwa amemweleza yote usiku, kwa maneno mafupi aliyoweza kupata. Alijiandaa kuingia kati yao. Hapakuwa na haja.

"Mama," alisema Iakovos, "ile siku ya mwaka jana. Alinielewa?"

"Sikuwepo. Binti yangu alikuwa anajifungua. Nilibaki nyumbani."

"Hakukusimulia?"

"Alisema mlikuwa mmechangamka sana. Alisema kisiwa kizima kilikuja kuwaaga."

"Lakini Kigiriki chake. Alijua kiasi gani?"

Margriet alifikiri kwa uaminifu kabisa, kama mwanafunzi aliyeulizwa swali gumu.

"Alijua 'ndiyo'," alisema. "Alijua 'asante'. Alijua 'baadaye'. Majina ya samaki. Mengine alikuwa anatabasamu tu, watu wakadhani anajua. Iakovos, sijui. Na sasa nimuulize nani?"

Boti ya polisi ilikuwa inaingia. Pelagia alisimama pembeni yao. Mzee Iakovos ndiye aliyemgeukia, akamnyooshea mikono miwili, kwa sababu inspekta alikuwa amesahau kumrudishia pingu.