Bibi wa Nakonde

Kila jioni, Eva alipomaliza kuosha vyombo, aliketi jikoni na mama yake, Nesta, wakichambua maharage huku akimuuliza maswali.

"Rangi nyeusi kwenye bendera ina maana gani?"

"Watu wa Tanzania."

"Sema watu wetu, mama."

Nesta alizaliwa Nakonde, Zambia, ng'ambo ya mpaka, akaolewa mtaa wa Mpemba, Tunduma, upande wa Tanzania. Mumewe alipofariki, aliomba uraia wa Tanzania ili aishi na mwanawe bila wasiwasi. Sasa alisubiri kuitwa kwenye usaili.

Siku moja jirani yao, Mama Recho, alimwambia, "Wakikuuliza, sema huna mtu Zambia. Mama yako sema alishafariki. Tena usionekane mpakani kwa sasa. Watadhani moyo wako uko kule."

Eva aliyasikia hayo. Alikuwa amempoteza baba, na aliogopa kumpoteza mama pia iwapo angenyimwa uraia. Jioni ile akaongeza swali.

"Mama yako yuko wapi?"

"Alishafariki," Nesta alijibu, akiinamia ungo.

Bibi Getruda, mama yake Nesta, alikuwa hai kule Nakonde, ila miguu ilimvimba na hakuweza kutoka nje. Kila Jumapili walizoea kumpelekea unga wa uji. Sasa wakaacha kwenda. Alipopiga simu kuwaulizia, Nesta alisema kazi zimembana.

Asubuhi moja Mjomba Luka alipiga simu kutoka Nakonde. "Dada, mama ametutoka. Jana alikuulizia mpaka akalala."

Nesta alijifunga kanga, akamwita Eva.

Walivuka mpaka mchana kweupe, wala hawakujali nani anawaona. Baada ya mazishi Eva alimshika mama yake kanga.

"Mama, ni mimi. Nilikufundisha kusema amekufa."

"Maneno yako hayakumuua, mwanangu. Alikuwa mgonjwa," Nesta alisema. "Lakini kuacha kuja kumwona, hilo lilikuwa juu yangu. Mimi ndiye mtu mzima." Walilia pamoja mpaka wanawake waliokuwa msibani wakaja kuwainua.

Siku ya usaili ikafika. Eva aliketi kwenye benchi nje ya ofisi, chini ya dirisha lililokuwa wazi. Mama yake alijibu vizuri kuhusu bendera na Wimbo wa Taifa. Kisha afisa akauliza, "Una ndugu Zambia?"

Eva alifumba macho.

"Ninao," Nesta alisema. "Kaka yangu yuko Nakonde. Mama yangu tumemzika huko juzijuzi. Nitaendelea kwenda kwa kaka na kwenye kaburi la mama, na nitarudi, maana nyumbani kwangu ni Mpemba."

Afisa aliweka kalamu chini. "Pole kwa msiba, mama. Hapa hatumwambii mtu amkane mzazi wake. Tunataka atuambie kweli."

Baada ya miezi mingi uraia ulitoka. Nesta aliapa mbele ya hakimu, akauacha uraia wa nchi aliyozaliwa, kama sheria inavyotaka. Walipotoka nje, machozi yalimtiririka.

"Si umepata, mama? Mbona unalia?"

"Nimepata, na nashukuru. Lakini kile nilichokiogopa hakikuwepo, Eva. Hakuna aliyenizuia kumwona mama yangu. Nilizuiwa na uongo tu, nao niliukubali mwenyewe." Akajifuta uso. "Mwanangu, usikubali kumkana mtu wako ili upate kitu. Kitu utakipata kesho. Mtu huenda usimkute."

Eva alimshika mkono, wakaelekea nyumbani polepole.