Namba Tatu za Jandira

Kwa miaka miwili nyumbani kwao Jandira palikuwa ndani ya Saíra, mashua ya matanga yenye urefu wa mita kumi na moja. Kila asubuhi aliamshwa na harufu ya kahawa, akanawa uso kwa kikombe kimoja tu cha maji, kisha akaketi mezani na mama yake, Zulmira, kufanya hesabu huku penseli zikibiringika kila wimbi lilipopita. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Sasa walikuwa wakirudi kwao Rio Grande, wakitokea Paraty, safari ya siku nyingi kuelekea kusini huku nchi kavu ikiwa upande wao wa kulia.

Kila mmoja alikuwa na kazi yake. Baba, Anselmo, alikuwa nahodha, na mama alipokezana naye usukani. Babu Belmiro, baba yake Anselmo, alipika, akashona matanga na kupiga gita jioni. Jandira alikabidhiwa barometa, chombo cha shaba kilichofungwa ukutani karibu na ngazi. Mshale wake ulishuka hali ya hewa ilipotaka kuchafuka. Kila baada ya saa tatu aliusoma na kuandika namba katika daftari la safari. Redio yao ilikuwa imeingia maji tangu bandari ya Santos, kwa hiyo Anselmo alilitegemea sana daftari hilo.

"Anselmo, kahawa gani hii?" Babu aliuliza asubuhi ya siku ya sita. "Umechemsha soksi?"

"Kunywa tu, mzee. Soksi zenyewe ni zako."

Jandira alicheka, akarudi kitandani na kitabu chake cha hadithi. Kilikuwa kitamu mno. Saa tatu asubuhi ikapita hajainuka. Saa sita mchana ikapita pia. Saa tisa baba akaita kutoka juu, "Jandira! Niletee daftari!"

Alishtuka. Daftari lilikuwa hapo hapo kitandani, na mistari mitatu ilikuwa mitupu. Bila hata kugeuza shingo kuitazama barometa, aliandika haraka: 1016, 1015, 1016. Namba nzuri, zinazofanana na za jana. Akapanda ngazi na kumpa.

Baba alilisoma, mkono mmoja kwenye usukani. Kulia kwao ilionekana bandari ya Imbituba.

"Tuingie tulale hapa?" Babu aliuliza. "Tukishapita rasi ya Santa Marta hakuna pa kujificha mpaka Rio Grande."

"Mshale haujatikisika, mzee. Tupite."

Jandira alishuka ngazi, na hapo ndipo alipoitazama barometa kwa mara ya kwanza siku hiyo. Mshale ulikuwa kwenye 1004. Alishika ngazi ili apande, akaiachia. Labda ungepanda tena. Labda upepo ungepita mbali. Alikaa kimya, akayasikia matanga yakijaa huku Imbituba ikibaki nyuma.

Kabla jua halijazama, upepo wa kusini uliwavamia kama ukuta. Mashua ililala ubavu, vikombe vikapasuka jikoni. "Punguza tanga! Punguza!" baba alipiga kelele. Babu alikuwa akiilegeza kamba kwenye roda, gurudumu la kupitishia kamba, tanga lilipopigwa na upepo kwa nguvu zake zote. Kamba ilikimbia, ikaukamata mkono wake wa kushoto na kuubana kwenye roda.

Jandira hakuwahi kumsikia babu yake akilia namna ile.

Waligeuza mashua, wakarudi Imbituba wakisukumwa na upepo ule ule. Hospitalini daktari alifanya alichoweza, lakini vidole viwili vya babu havikuokoka.

Kesho yake baba alirudi mashuani na bisibisi, akaanza kufungua skrubu za barometa.

"Unafanya nini?" mama alimuuliza.

"Naitupa. Imenidanganya." Macho yake yalikuwa mekundu. "Hapana, si hii. Ni mimi, Zulmira. Nahodha ni mimi. Mzee alitaka tuingie, nikambishia. Nimemkata baba yangu vidole."

Jandira alisimama mlangoni.

"Baba, usiitupe. Nzima hiyo."

"Unajuaje?"

"Namba zile nilizibuni. Sikuisoma kutwa nzima. Na niliposhuka nikaona mshale umeanguka, sikusema."

Anselmo aliketi sakafuni, bisibisi mkononi. Akaziokota skrubu moja moja. Jandira angependelea apigiwe kelele. Hatimaye baba yake akasema kwa sauti ndogo, "Nenda kamwambie babu. Mwenyewe."

Babu alikuwa amekaa kitandani hospitalini, mkono umefungwa bendeji hadi kwenye kiwiko. Alimsikiliza hadi mwisho, kisha akageuzia uso dirishani. Mabega yake yalitikisika.

"Kwa nini hukuiacha mistari mitupu?" alimuuliza.

"Niliogopa kugombezwa, babu."

"Ungegombezwa, ndiyo. Ungelia, na kufikia chakula cha jioni yangekuwa yamekwisha." Akajifuta machozi. "Sikiliza, mjukuu wangu. Baba yako angeona mistari mitupu, angeshuka kuangalia mwenyewe. Uvivu wako usingetudhuru. Sote huwa wavivu siku moja moja. Kilichotudhuru ni uongo, kwa sababu tuliuamini. Na hata baada ya kuandika, ulikuwa bado na nafasi ya kupanda ngazi na kusema. Usipojua, sema sijui. Ukikosea, sema mapema, ungali na aibu usoni. Ukichelewa, atakayelipia ni mtu mwingine."

"Nisamehe, babu."

"Nimekusamehe. Lakini naumia, na nitaumia kwa muda. Sitaki kukudanganya."

Alijaribu kuvaa shati lake kwa mkono mmoja, likamshinda. Jandira akasogea, akaanza kumfunga vifungo kimoja kimoja. Akakiruka kimoja, shati likaenda upande. Babu alisubiri, Jandira akavifungua vyote na kuanza upya.