Visanduku Vitatu vya Marit

Kila siku saa sita mchana, bwalo la shule aliyosoma Marit Lahti mjini Duluth lilijaa harufu ya viazi vya kukaanga na ya makoti yaliyolowa theluji. Wanafunzi wa mwaka wa tatu walikuwa na meza yao karibu na dirisha, na tangu Oktoba swali la mezani pale lilikuwa moja tu: unafanya mingapi? Waliulizana juu ya mitihani ya ngazi ya chuo, ile ambayo mwanafunzi wa sekondari akiifaulu huruka baadhi ya masomo ya mwanzo atakapofika chuoni. Kwenye fomu iliandikwa kwamba ni ya hiari. Mezani pale haikuwa hiari hata kidogo.

"Mimi sita," alisema Garrick, mdomo umejaa viazi. "Na we Marit?"

"Miwili. Kemia na historia."

"Miwili!" Garrick aliangua kicheko. "Kwani unaenda chuoni, au unaenda kuvua samaki na baba yako?"

Meza nzima ikacheka. Aliyenyamaza ni Odette Beaulieu peke yake, rafiki wa Marit tangu shule ya msingi na mpiga fidla hodari kuliko wote pale shuleni.

"Achana naye huyo," Odette alimnong'oneza. "Mimi nafanya mmoja, na bado napumua."

Marit alijitia kutabasamu, lakini maneno ya Garrick yalikuwa yameshamchoma.

Jioni alimwekea baba yake fomu mezani. Bwana Lahti alikuwa mpakiaji wa madini ya chuma kwenye meli za bandarini, na alikuwa amerudi vidole vimekufa ganzi kwa baridi. Kwenye fomu kila mtihani ulikuwa na kisanduku chake, na Marit alikuwa ametia alama viwili. Baba aliisoma taratibu, kama alivyosoma kila karatasi iliyotaka jina lake.

"Kemia unaipenda, hilo najua. Historia je, utaiweza?"

"Nitaiweza, Baba."

"Basi miwili inatosha. Nataka uwe unalala, mwanangu. Tumeelewana?"

"Tumeelewana."

Baba akatia saini. Asubuhi yake, ndani ya basi la shule, Marit alitoa kalamu akatia alama visanduku vingine vitatu: fizikia, biolojia na takwimu. Saini ilikuwa tayari chini, wala hapakuwa na wa kumuuliza. Kazi yenyewe ilikuwa fupi kuliko kufunga kamba za viatu. Mchana alipotangaza "mitano", Garrick alimpigia makofi, na siku hiyo Marit alijiona mtu mbele za watu.

Furaha hiyo haikumaliza wiki. Fizikia na takwimu hakuwa akifundishwa darasani mwaka ule, kwa hiyo ilimbidi ajisomee mwenyewe vitabu vya maktaba. Januari akawa analala kwa muda wa saa nne tu kila usiku, Februari saa tatu. Aliacha kula asubuhi. Baba alipomuuliza mbona macho yamekuwa mekundu, alisema ni mafua, na kila alivyozidi kudanganya ndivyo alivyozidi kuona aibu kumtazama baba yake usoni. Hata kemia, somo alilolipenda kuliko yote, sasa alilisoma kwa kinyongo.

Siku moja ya Machi, yeye na Odette walikuwa pamoja kwenye meza ya maabara. Kila mwanafunzi wa kemia anaijua kanuni ile: asidi ndiyo humiminwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi. Marit aliijua tangu mwaka wa kwanza. Lakini kichwa kilikuwa kizito, na mkono ukachukua chombo cha maji ukamimina kwenye asidi. Ikachemka ghafla na kuruka. Odette, aliyekuwa amevua glavu ili aandike vipimo, alipiga ukelele uliosikika mpaka kwenye korido. Asidi ilikuwa imemwangukia kwenye vidole vya mkono wa kushoto.

Mwalimu alimkimbiza kwenye bomba, kisha gari la wagonjwa likamchukua. Marit alipelekwa kwa Bi. Ostrander, mshauri wa wanafunzi.

"Jana ulilala saa ngapi?" aliuliza mama yule.

Bi. Ostrander alifungua faili, akatazama fomu, akanyanyua simu.

Bwana Lahti alifika na mabuti yake ya kazini, vumbi jekundu la chuma mpaka magotini. Aliisoma fomu taratibu.

"Saini ni yangu," alisema. "Hivi vitatu sivijui."

"Nilivitia mimi, Baba." Marit alianza kulia. "Ulipokwisha kusaini."

Baba hakufoka, na Marit alitamani angefoka. Bi. Ostrander alileta karatasi ya kujiondoa, baba akasaini, mitihani mitatu ikafutwa. Kisha baba, bila kuuliza, aliendesha gari moja kwa moja hadi nyumbani kwa akina Odette.

Odette alikuwa amelala kwenye kochi, mkono umefungwa bendeji nene.

"Ngozi itapona," alisema mama yake, hana hata nguvu ya kukasirika. "Ila kwenye tamasha la muziki la majira ya kuchipua, nafasi yake wamempa mwingine."

Marit alipiga magoti karibu na kochi akasema yote: fomu, usingizi, uongo.

"Kisa Garrick?" Odette alimkazia macho. "Yule Garrick?" Alitaka kucheka, akaishia kulia, na Marit naye akalia.

Walipotoka, baba alisimama kwenye ngazi za nje.

"Visanduku vile tumevifuta kwa dakika tano," alisema. "Mkono wa yule mtoto hatuna karatasi ya kuufuta. Mtu akikuuliza mingapi, mtajie unayoiweza, na akicheka, mwache acheke mpaka achoke. Na ukishaona unahitaji kunificha jambo ili ulifanye, jua hapohapo kwamba si la kufanya."

"Ndiyo, Baba."

Mwezi wa Mei Marit alifanya mitihani miwili. Usiku wa tamasha aliketi na Odette kwenye viti vya watazamaji, wakimsikiliza msichana mwingine akipiga fidla.