Niliwashiwa Mshumaa wa Marehemu Nikitazama

Niliwashiwa mshumaa wa marehemu nikiwa nimesimama hapo hapo, natazama!

Jamani, msinipite. Mimi ni Mitchelle, nafanya kazi ya ndani Riyadh. Ila kwa madam naitwa Maryam. Alinibadilisha jina siku ya kwanza, eti langu linamsumbua ulimi.

Kiangazi hiki walinibeba hadi Ureno niwashikie watoto matembezini. Mji unaitwa Óbidos. Nyumba nyeupe, ukuta wa kale umeuzunguka mji mzima, na mawe ya barabarani yanatesa kigari cha mtoto, we acha tu!

Dada yake madam alitoka Jeddah na familia yake, pamoja na mfanyakazi wao wa ndani, Mkenya kama mimi, Risper. Tulijuana asubuhi hiyo hiyo.

Mabosi walipopanda ukutani na watoto kupiga picha, Risper akanivuta mkono.

"Maryam, kuna kanisa pale. Yalla, twende, dakika mbili tu!"

Kanisa! Tangu nifike Saudia sikuwa nimeingia kanisani. Machozi yalinitoka nikiwa bado mlangoni.

Risper akawasha mshumaa.

"Wa nani?"

"Wa marehemu mke wa mchumba wangu. Aliacha mtoto mdogo, woiye. Mchumba ni dereva wa majirani zetu kule Jeddah."

"Pole. Aliitwa nani?"

"Mitchelle."

Nikatabasamu kidogo. Akina Mitchelle ni wengi...

"Na mtoto?"

"Timothy. Huyu hapa na babake."

Akanipa simu.

Hillary. Mume wangu! Amempakata mwanangu! Na picha hiyo niliipiga mimi mwenyewe, mlangoni kwetu, kabla sijasafiri.

Nikakaa sakafuni.

"Risper... Mitchelle ni mimi."

"Wacha mchezo!"

Nikamfungulia picha za harusi yetu. Akajiziba mdomo.

"Aki aliniambia ulikufa! Alilia mbele yangu!"

Kutaka uhakika, akampigia mama mkwe wangu, anayemlea Timothy. Mimi kila nikimpigia huyo mama: mtoto amelala, ameenda kucheza, mtandao mbaya. Kwa Risper alipokea papo hapo!

"Mkamwana wangu! Ngoja nikupe Timo akusalimie."

Yaani hata yeye alijua...

Nikaichukua ile simu.

"Timo... ni mama."



"Mama?" Aliijua sauti yangu! "Mama, umetoka mbinguni?"

Nililia hadi bibi mmoja wa pale kanisani akaja kunishika bega. Hatukuelewana lugha, lakini hakuniacha.

"Hapana, baba. Nilikuwa Riyadh. Nilikuwa kazini tu."

Wapenzi wasomaji, Hillary msiniulize. Huyo halas, tumemalizana. Risper naye alimwacha siku hiyo hiyo. Kinachoniua ni mtoto wangu kunililia wakati mimi niko hai, napiga simu kila Ijumaa.

Dada zangu wa Riyadh, wa Jeddah, popote mlipo... ukipiga simu nyumbani ukaambiwa mtoto amelala, sema aamshwe.