Kwa Sauti Ile Ile

Zipu ilipasuka katikati ya ngazi, saa ya watu kutoka kazini, jengo la maduka likiwa limejaa wa kupanda na wa kushuka. Msichana alikuwa amevaa sketi ya buluu iliyombana vizuri, blauzi nyeupe ya kazini yenye kola ya mviringo, na viatu vya kisigino kifupi ambavyo miguu ilikuwa bado haijavizoea. Alisikia kitu kikichanika nyuma yake, kisha akasikia upepo mahali ambapo upepo haukuwa na kazi. Akajibandika ukutani kama tangazo. Kila aliyepita alipewa tabasamu.

"Dada, unamsubiri nani?"

Alikuwa kijana mrefu, futi ya kupimia inaning'inia shingoni, vipande vya nyuzi vimeng'ang'ania shati lake kila mahali. Fundi cherehani. Mashine yake ilikuwa pale barazani juu ya ngazi, na alikuwa ameona kila kitu, isipokuwa kile ambacho kwa adabu alikataa kukiona.

"Namsubiri rafiki yangu," msichana akasema.

"Rafiki yako anaitwa zipu?"

Alitaka kukasirika, akajikuta anacheka. Fundi alikuwa tayari na kipande cha kitambaa cha pazia chenye maua makubwa. Akamzungushia kiunoni huku macho yake yakiangalia dari.

"Panda polepole. Watu watadhani ni mtindo mpya."

"Wa pazia?"

"Siku hizi wanavaa lolote."

Kwenye kibanda chake kulikuwa na kona ya kujaribia nguo. Msichana akajificha humo, akapitisha sketi kwa juu, akabaki na maua yake. Jirani wa kibanda hicho, aliyekuwa akiuza vifungo na nyuzi, alikuwa dada wa fundi, wa tumbo moja. Aliinua macho kutoka kwenye makopo yake.

"Mdogo wangu, huyo usimwamini haraka," alimwambia msichana. "Mikono yake ni ya dhahabu, ila mdomo haujui breki."

"Dada, unaniharibia soko."

"Nalinda wateja."

Zipu mpya ilipokaa, msichana alitoka akiwa amenyooka tena. Alikuwa anafanya kazi mapokezi, kliniki ya meno, mtaa wa pili.

"Ndiyo maana unatabasamu vizuri hata ukiwa matatani," fundi akasema. "Niachie namba yako. Zipu mpya huwa na tabia zake, nitakuwa naulizia hali."

"Unapigia zipu simu?"

"Kila jioni."

Na kweli, kila jioni simu ilikuwa inalia.

"Zipu haijambo?"

"Haijambo. Imepumzika."

"Na mwenye nayo?"

"Mwenye nayo anakula, mwache ameze."

Jina likamkaa. Akawa Zipu, na yeye akawa Fundi. Wote wawili walikuwa watu wa kanisani. Yeye Fundi aliimba besi kwenye kwaya, Zipu alifundisha watoto wadogo shule ya Jumapili. Kabla ya kukata simu waliomba pamoja, sala fupi tu, na hapo ndipo msichana alipoanza kupenda kikweli. Fundi akiomba aliacha utani wote. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyevua viatu.

Kulikuwa na jambo moja. Fundi alikuwa akisema "niko hapo kona" huku mguu wake ungali juu ya pedali ya cherehani. Mteja akiulizia suruali aliambiwa imebaki vifungo tu, na kitambaa chake bado kiko kwenye mfuko wa dukani.

"Huo si uongo?" Zipu alimuuliza siku moja, akiwa amekaa kwenye stuli kibandani.

"Hiyo ni lugha ya kazi, mpenzi. Mteja ukimwambia ukweli anaondoka na huzuni. Mimi namwachia matumaini."

Zipu akacheka. Wakati huo kila alichosema Fundi kilikuwa kinachekesha.

Mama yake Zipu alikuwa ameugua kwa muda mrefu, akapona. Aliomba jambo moja tu: asimame mbele ya kanisa lake amshukuru Mungu, akiwa amevaa gauni jipya, kwa sababu nguo zake zote sasa zilimning'inia kama ameziazima kwa jirani mnene. Alichagua kitambaa mwenyewe, rangi ya damu ya mzee, chenye maua meupe madogo. Fundi akampima kwa utani mwingi hadi mama akafuta machozi ya kucheka. Shukrani ilikuwa Jumapili.

Alhamisi, simu:

"Gauni la mama limefika wapi?"

"Limeisha, mpenzi. Linasubiri pasi tu."

"Kweli?"

"Nakupenda. Nitakudanganya kwa nini?"

Jumamosi jioni Zipu alipitia kulichukua. Fundi alikuwa ametoka kidogo. Dada mtu alimwangalia, akaonyesha rafu kwa kidevu. Kitambaa kilikuwa humo ndani ya mfuko, kimekunjwa vile vile kilivyotoka dukani.

Fundi akapanda ngazi akiimba, akamwona, wimbo ukaisha.

"Mpenzi, nisikilize. Mashine ilisumbua, halafu umeme nao..."

Dada mtu akakohoa. Hata Fundi mwenyewe alisikia kwamba ameanza upya.

"Usiendelee," Zipu akasema taratibu. Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomtisha Fundi. "Mama atavaa lolote, Mungu hatamuuliza habari ya gauni. Ila uliniambia limeisha, na ukaniambia unanipenda, kwa sauti ile ile. Sasa nitajuaje lipi ni la kweli?"

Akashuka ngazi bila kuuchukua mfuko.

Jumapili mama alisimama mbele ya watu na gauni lake la zamani, limebanwa kiunoni kwa pini, akatoa shukrani iliyoliza kanisa zima. Binti yake alikaa benchi la mbele na hakusikia hata nusu. Hasira ilikuwa imemziba masikio. Simu yake ilikuwa imezimwa, na alipoiwasha, akaifungia namba ya Fundi isimpigie tena.

Kanisani kwake, Fundi naye alisimama na besi. Wakati wa sala ya toba alikuwa mwepesi siku zote, maneno aliyajua kama njia ya nyumbani. Siku hiyo yalimkwama. Alijiona kwa mbali: kila Jumapili anaomba kwa ufasaha ule ule anaowaambia wateja imebaki vifungo.

"Natubu kila wiki," alimwambia dada yake kesho yake, kichwa kimelala juu ya mashine.

"Najua. Halafu Jumatatu ukifungua kibanda, uongo nao unaufungulia. Unamwomba Mungu akusamehe. Umewahi kumwomba akubadilishe?"

Fundi akafikiri. "Naogopa atakubali."

Dada yake hakucheka, ingawa alitaka. "Una hofu ya nyuso, wewe. Hutaki kuona mtu amekunja uso mbele yako, basi unampa neno tamu aende akaukunje mbali."

"Sasa nifanyeje? Yanaponyoka yenyewe."

"Yakiponyoka, yakimbilie. Pale pale. Mwambie uliyemdanganya, usimwambie Mungu peke yake. Mungu alikuwa anajua tangu mwanzo. Mwenye kitambaa ndiye hajui."

"Nitaaibika."

"Utaaibika, ndiyo. Na Bwana atakuwa hapo hapo unapoaibika, si kwamba anakusubiri mbele mpaka uwe msafi."

Akaanza. Zilikuwa siku mbaya.

"Imebaki vifu..." alimwambia mzee mmoja wa suti, akaufunga mdomo, akaufungua tena. "Hapana, mzee wangu. Sijaikata. Niliogopa kukwambia."

Mzee akachukua kitambaa chake, akamwachia na maneno makali. Mama mmoja alidanganywa kwa mazoea akashuka zake, na Fundi akamfuata mbio mtaani, futi inapepea nyuma kama mkia: "Mama, samahani, nimekudanganya sasa hivi." Yule mama alikumbatia mkoba wake kwanza, ndipo akaelewa. Lakini mwingine alikaa kwenye stuli akapumua. "Afadhali umesema," alisema. "Nimechoka kuja bure."

Neno gumu kuliko yote lilikuwa "siwezi." Alijifunza kulisema kama mtoto anayejifunza kutembea, kwa kuanguka. Simu ikilia aliweka mkono juu ya gurudumu la mashine na kusema chini chini, "Bwana Yesu, nisaidie na mdomo huu." Siku nyingine alisahau, akadanganya, ikabidi apige tena. Zilikuwepo jioni alizoona hakuna kilichobadilika. Ila alipiga tena.

Gauni la mama alilishona kwa saburi, kila mshono mahali pake, akalipeleka mwenyewe mchana, Zipu akiwa kazini.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekonda, mwanangu."

"Mama, mashine haikuharibika, wala umeme haukukatika. Gauni lako sikuligusa. Nilipokea kazi nyingi, nikashindwa kusema siwezi, nikadanganya. Nimekuaibisha siku yako. Naomba unisamehe."

Mama akavaa miwani. Aligeuza pindo, akavuta mkono, akakagua shingo, akimwacha asimame pale na jasho lake. "Limenyooka," akasema mwishowe. "Nawe kaa hivyo hivyo. Nimekusamehe. Kaa unywe chai."

Jioni alimsimulia binti yake.

"Amekutuma uniambie nini?" Zipu akauliza.

"Hajanituma kitu. Ndiyo maana nakwambia."

"Mtu habadiliki kwa gauni moja, mama."

"Wala sijasema hivyo," mama akajibu, akaenda kujitazama kwenye kioo.

Basi ikawa siku moja jino likamshika Fundi. Alivumilia mpaka shavu likafura kama ameficha tufaha ndani. Kliniki iliyokuwa karibu ilikuwa moja tu. Akaingia asubuhi, kitambaa kimefungwa kidevuni na kukutana juu ya kichwa, akaenda kukaa kwenye benchi la mwisho.

Zipu alikuwa nyuma ya meza ya mapokezi na blauzi ile ya kola ya mviringo, nywele amezibana juu. Alimwona. Mkono wake ukaangusha kalamu. Kabla hajaiokota, simu ya mezani ikalia. Aliyepiga alikuwa daktari. Alikuwa bado nyumbani, hajapiga hata mswaki wake mwenyewe.

"Waambie niko getini," daktari akasema, kama kawaida.

Bibi mmoja alikuwa amesimama mbele ya meza. "Mwanangu, daktari bado? Nimwahi mjukuu nimlishe kwanza nirudi?"

"Kaa tu, bibi," Zipu akasema kwa sauti yake ya upole, ile ya kila asubuhi. "Yuko getini, anaingia sasa hivi."

Akainua macho, yakakutana na ya Fundi.

Fundi angeweza kutabasamu. Angeweza kuinua nyusi. Yeye aliinamisha kichwa haraka, kama siku ile ngazini alipoangalia dari, akamwachia msichana heshima yake. Hapo ndipo Zipu alipojisikia yeye mwenyewe. Alisikia jinsi neno lile lilivyotoka laini, bila mkwaruzo, kwa sauti ile ile anayofundishia watoto Jumapili.

Alikaa. Akasimama. Joto likampanda shingoni.

"Bibi, samahani," akasema, na ukumbi wote ukasikia. "Daktari hayuko getini. Hajatoka nyumbani. Nimekudanganya. Nenda ukamlishe mtoto, zamu yako nitakushikia."

"Mwanangu," bibi akasema, "sisi tulijua zamani. Tulikuwa tunangoja wewe ujue."

Benchi zima likacheka, bila ubaya. Zipu naye akacheka, machozi yakiwa karibu. Kisha akatoka nyuma ya meza, akaja kukaa kando ya Fundi.

"Mbona hukusema kitu?"

"Ningesema nini?" Maneno ya Fundi yalitoka upande mmoja wa mdomo. "Mimi ndiye fundi wa hayo."

"Ningekuwa mimi, ningekusema."

"Ulinisema. Ulinisaidia."

"Nilikusema kama mtu asiye na lake. Kumbe langu lipo, nimelivalisha sare ya kazi." Alijipangusa jicho kwa kiganja. "Nisamehe, Fundi. Si kwa kuondoka. Kwa kuondoka kama malaika."

"Nimekusamehe. Sasa nami nina swali, na usicheke uso huu."

"Hilo siwezi kuahidi."

Fundi akafungua kitambaa cha kichwani, kwa heshima ya alichotaka kusema. Bibi, ambaye sasa hakuonekana kuwa na haraka ya mjukuu, akahamia upande wa sikio lake zima.

"Siwezi kukuahidi kwamba sitadanganya tena," Fundi akasema. "Jana tu nimempigia mteja kurekebisha. Ila nikianguka, utaambiwa na mimi mwenyewe, siku hiyo hiyo. Bwana bado ananifanyia kazi. Ninachokuuliza ni kama utakubali tukae pamoja akiendelea nayo. Uwe mke wangu."

Nje gari lilipita, mtu akafunga mlango.

"Naogopa," Zipu akasema.

"Najua."

"Hata nikikufungulia simu leo, ukipiga, moyo utauliza kwanza, ndipo ufurahi."

"Uache uulize. Nitajibu."

"Na ndiyo."

"Ndiyo unaogopa?"

"Ndiyo, nitaolewa na wewe. Naogopa, na nitaolewa na wewe. Yote mawili ni kweli, sitaki kukuficha hata moja."

Fundi akacheka, maumivu yakampanda hadi sikioni, akashika shavu na kuguna. Zipu akaondoa mkono wake, akaweka kiganja chake cha baridi pale palipovimba, mbele ya wagonjwa wote, na hakukiondoa mpaka daktari alipofika na kumwita Fundi ndani.