Kila Bango Tausi

Tone la rangi ya bluu lilidondoka kutoka juu ya ngazi, katikati ya stendi iliyofurika watu, likatua kwenye gauni jeupe la fundi cherehani.

"We kaka, huna macho?"

"Ninayo, dada. Ndiyo yaliyonitikisa mkono." Mchora mabango akashuka anacheka. "Kwa mwendo huo, wewe ni tausi kabisa!"

Jina likaganda. Akawa Tausi kwenye simu, Tausi kwenye busu. Naye fundi akamwita kijana Sultani. "Tausi ni jina lako peke yako, mama," mchoraji aliapa. "Ukifungua duka, nitaliandika kwa mkono wangu." Binti wa watu akaamini. Nani asingeamini?

Mwaka haujaisha, fundi akaliona jina hilo kwenye bango la saluni. Akageuka: Bucha Tausi. Mbele kidogo, Shule ya Udereva Tausi. Hata zahanati! Yote kwa bluu ile ile. Akapiga simu.

"Sultani, umelifanya nini jina langu?"

"Ah, mpenzi! Wateja wanakuja hawana jina, wananiambia chagua wewe. Mimi mdomoni ninalo hilo tu. Si ufurahi?"

"Nimefurahi mno." Akakata.

Hakulia. Alishona pazia la choo cha stendi, akalitarizi kwa uzi wa dhahabu: SULTANI. Akamshonea fulana mbwa wa muuza mkaa: SULTANI. Wazoa taka nao wakapata aproni zenye jina hilo hilo. Stendi nzima ilicheka hadi mbavu zikauma. "Jamani, nishikieni mzigo, naingia kwa Sultani mara moja!"

Jumamosi Sultani akaja mwenyewe kwenye duka jipya la fundi, shati limenyooshwa, kopo la rangi mkono mmoja, pete mkono wa pili.

"Umenikomesha, mama. Nisamehe. Naandika duka lako leo, halafu nikuoe."

Moyo wa fundi ulilainika, tusidanganyane. Alimpenda mshenzi huyu.

"Panda. Andika jina langu."

Brashi ikagusa ubao. T...

"Hilo la bucha. Andika alilonipa mama yangu."

Brashi ikasimama. Rangi ikamdondokea kiatuni.

"Muda wote huu hukuniuliza," fundi alisema, machozi sasa yakimtiririka. "Pete hiyo ulikuwa unamvisha nani?"

"Mpenzi, niambie basi, nitaandika sasa hivi..."

"Kaoe bucha!" Akambamizia mlango.