Mtamba wa Kwenda Wasini

Ebla ni mfanyabiashara wa mifugo. Hununua ng'ombe na mbuzi soko la Bisil na kuwauza Kitengela, anakoishi. Akimtazama ng'ombe mara moja tu, anakuambia umri wake, maziwa yake na hata tabia yake. Jioni mbili kwa wiki huenda darasa la watu wazima kujifunza kusoma. Huko ndiko jeuri yake yote huisha, maana herufi hazimwogopi.

Mwezi ule Ebla alijaa furaha. Mwanawe Keynan alikuwa anaoa Mwanasha, msichana wa kisiwa cha Wasini, kusini kabisa mwa pwani ya Kenya. Ebla hakuwahi kuiona bahari. Zawadi ya wakwe, hata hivyo, alishaichagua: mtamba mwekundu mwenye mimba ya miezi mitano. Kwao Garissa, kwenda kwa wakwe bila mnyama ni aibu ya kusimuliwa miaka kumi. Keynan alijaribu kusema neno, lakini kumbishia Ebla mambo ya ng'ombe ni kupoteza muda.

Jioni moja darasani alimsimulia mwalimu wao, Mutheu, habari za mtamba. Mutheu alikuwa amefanya kazi miaka minne Shimoni, mji unaotazamana na Wasini. Hakumcheka. Alichukua chaki akachora ubaoni kisiwa kirefu, chembamba.

"Mama Keynan, wewe uko na macho ya mfugaji. Niulize chenye mtamba wako atataka."

"Mto uko wapi?"

"Hakuna."

"Kisima je?"

"Ukichimba, unapata maji ya chumvi."

"Na nyasi?"

Mutheu alieleza kwamba kisiwa hicho ni mwamba wa matumbawe. Hayo ni mawe yaliyojengwa na viumbe wadogo wa baharini, zamani sana, chini ya maji. Baadaye bahari ikashuka, mwamba ukabaki nje, juu ya maji. Udongo wake ni kidogo, nyasi haba. Magari hakuna, kila kitu huvuka kwa boti, kisha hubebwa.

Ebla alipiga hesabu. Ng'ombe wa maziwa hunywa ndoo nne kwa siku, na kukiwa na joto hunywa zaidi.

"Basi mimi nawapelekea mdomo," alisema polepole. "Si zawadi."

Aliona haya, machozi yakamlengalenga. Aliuliza watu wenyewe wanaishije. Mutheu akasema Wavumba, wenyeji wa kisiwa hicho, wameishi pale kwa mamia ya miaka. Kisiwa kiliwapa samaki, biashara na usalama. Maji walikinga ya mvua: ilishuka kwenye paa, ikaingia kwenye birika kubwa la mawe la kuhifadhia maji, likafunikwa.

"Kwangu mvua ikinyesha, maji inaenda kwa barabara," Ebla alisema. "Kesho yake nanunua ya lori."

Darasa zima lilicheka, kwa sababu wote hufanya vivyo hivyo.

Wiki hiyo Ebla alimuuza mtamba Bisil akanunua tenki kubwa la plastiki na gata, mifereji ya kufunga kwenye paa. Mutheu alimfundisha utunzaji wake: tenki liwe na kifuniko na wavu wa kuzuia mbu, na mvua ya kwanza iachwe imwagike, ioshe paa. Siku ya kuvuka, tenki lilifungwa kwenye boti. Ebla alilikumbatia mpaka ng'ambo, macho ameyafumba.

Harusini aliwaambia wakwe habari yote ya mtamba. Walicheka hadi wakapangusa macho. Mama yake Mwanasha akamshika mkono, akasema mgeni aliyefikiria kiu yao kabla ya kufika, huyo tayari ni ndugu.

Aliporudi Kitengela, Ebla alifunga gata na tenki nyumbani kwake pia. Mvua za Aprili zikanyesha kote, bara na pwani. Asubuhi moja simu ikalia: ujumbe kutoka Wasini. Keynan, aliyekuwa amekuja kumsalimia, akanyoosha mkono amsomee. Ebla alikataa. Aliweka kidole kwenye kila neno, akasoma mwenyewe kwa sauti:

"Mama Keynan, ng'ombe wako ameshiba. Tunamkama asubuhi na jioni."

Alisoma mara ya pili, akicheka. Kisha akachukua ndoo, akatoka nje hadi kwenye tenki, kumkama wa kwake.